Metre ya Kwa Mugiriki

Juma lililopita niliingia Kwa Mugiriki kununua chaja ya simu, nikamkuta kijana wa duka anapiga deki. Maji yalipozama kwenye saruji, harufu ya kahawa mbichi ikapanda, harufu ya magunia na maganda makavu, ikanijaa puani. Mule ndani kahawa haijalala kwa zaidi ya miaka thelathini. Yamepita maombi, yamepita magodoro ya wakimbizi, zimepita dawa, na sasa kumejaa simu na taa za sola kutoka China. Lakini mwagia sakafu ile ndoo moja ya maji, itakuambia yenyewe ilikuwa depo ya nini. Kijana aliniuliza, "Mama, umesahau kitu?" kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati ya maji yake na viatu vyangu. Nikamwambia anipatie chaja.

Mgeni akifika Bunia husoma vibao vya rangi vilivyobandikwa juu ya maduka ya bulvari, barabara kuu ya mji, akadhani ameujua mji. Vibao vile ni vya juzi. Nyumba zenyewe ni za wafanyabiashara wa zamani, Wagiriki na Wahindi, waliokuja na malori yao kununua kahawa na kuuza nguo, chumvi, sabuni na majembe. Walijenga kuta nene, wakaweka mbele barza ndefu yenye nguzo ili mteja asinyeshewe akiwa bado anafikiri. Siku moja wakaondoka, na nyumba zikabaki zinaolewa tena na tena, kama mjane mwenye shamba zuri. Iliyokuwa magazini, duka la chumvi, leo wanaonyesha mpira wa Ulaya ndani yake. Iliyouza majembe inanunua dhahabu inayotoka machimbo ya Kilo. Nyingine ni shule ya kompyuta mbele, na nyuma wanauza vifaranga, na wanafunzi wameshazoea kelele. Hakuna anayebomoa, maana kuta zile zina baridi nzuri mchana, na kubomoa kunachosha kuliko kupaka rangi.

Kwa Mugiriki ilikuwa na tatizo lake la pekee, nalo ni kontwari. Ile meza ndefu ya kuuzia, ya mbao za pori la Mambasa, iliwekwa ndani kabla milango haijatiwa, na tangu hapo hakuna mlango unaoweza kuitoa. Wanaume sita hawainyanyui. Kwa hiyo kila aliyeioa nyumba ile alilazimika kuitafutia kontwari kazi. Mugiriki aliipimia vitambaa. Wenye depo ya kahawa waliwakalisha wanawake pembeni mwake wachague punje mbovu. Kanisa lilipoingia, liliitandika kitambaa cheupe na kuiita madhabahu. Kwenye ukingo wake wa mbele kulikuwa na misumari miwili ya shaba, imepigiliwa mpaka vichwa vikawa sawa na mbao, mmoja karibu na kona na wa pili mbele yake. Kati ya msumari na msumari ilikuwa metre moja. Hivyo ndivyo mji mzima ulivyojua.

Mimi nilikulia kwenye barza ya nyumba hiyo. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, na mashini yake ya miguu ilikaa kati ya nguzo ya pili na ya tatu, upande usiopigwa na mvua. Alipapata pahali pale akiwa binti, wakati wa kahawa, na baada ya hapo kila mpangaji alirithi kuta, kontwari, popo wa darini na mama. Hakuna karatasi iliyosema hivyo. Ilikuwa desturi ya bulvari kwamba fundi huenda na barza, naye hushona kile ambacho nyumba inahitaji. Wakati wa kahawa mama alitia viraka magunia. Kanisa lilipoingia, alishona mapazia na mifuko ya sadaka, na watu wa mjini waliendelea kumletea magauni na suruali zao kama kawaida.

Aliyempatia pahali pale alikuwa baba yake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Tate. Tate alikuwa karani wa Mugiriki, ndiye aliyesimama nyuma ya kontwari na kupima. Miaka mingi baada ya Mugiriki kuondoka, watu wa rika lake bado walimwita Muzee Metre, na hakuna jina lililompendeza zaidi. Hakuwa na shamba la maana wala ng'ombe, na mke wake alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa na shati la kufungwa mpaka shingoni, kalamu mfukoni, na jina lile. Wamama wazee wa kanisa walipomsalimia walimkumbusha kwamba kitambaa cha ndoa yao alikipima yeye. Kanisa lilimfanya mshauri, akapewa benchi la mbele.

Pasta hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo leo, wakati ule nisingesema. Alikuwa kijana mwenye haraka, aliyetaka nyumba isahau upesi kwamba iliwahi kuwa depo, na mashini ya mama ilimsumbua. Alimwambia anaweza kukaa, ila mguu wake usiguse pedali wakati wa maombi, na maombi ya pasta yalikuwa marefu. Mama alishika sindano ya mkono, akashona vifungo mpaka Amina ya mwisho. Sijui kanisa lingine lililokuwa na watu waliovaa vifungo imara kama lile.

Ikaja habari ya kulifungua kanisa rasmi. Wageni wangetoka Iga Barrière na Mahagi, na korali yetu ya watu kumi na wanane ilikuwa bado inaimba na nguo za kila rangi. Papa mmoja, mzee aliyeleta samaki kutoka Kasenyi, akatoa zawadi ya marobota mawili ya kitambaa cha popelini nyeupe, yaliyovuka ziwa kutoka Uganda. Hakuna aliyejua ni metre ngapi. Jumapili, baada ya ibada, pasta aliuliza nani atapima, na kanisa zima likageuka kumwangalia Tate.

Sijawahi kumwona Tate vile, kabla wala baada. Alivua koti, akalikunja. Akasogeza kitambaa cha madhabahu upande mmoja, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa mbao mpaka kidole gumba kikaupata msumari bila yeye kuangalia. Halafu akavuta. Mkono wa kushoto ulishika pale, wa kuume ulikimbia mpaka kwenye msumari wa pili, popelini ikalia kidogo, akakunja, akahesabu kwa Kifaransa cha dukani, "Un." Akavuta tena. Macho yake yalikuwa kwetu. Alipofika vingt, ishirini, watu walikuwa wanahesabu pamoja naye, na alipofika quarante, arobaini, wamama walikuwa wanapiga makofi kwa kila metre. "Cinquante-quatre," akasema, akaipiga kontwari kofi moja. Hamsini na nne. Kila kanzu ingekula tatu, waimbaji kumi na wanane, imefika sawasawa bila kubaki hata ya leso. Pasta alisema huo ni mkono wa Mungu. Tate alivaa koti lake polepole, na ninaamini angependa yaje marobota mengine kumi.

Mama alichora na kukata nyumbani, kwenye mkeka, kwa santimetre yake ya utepe. Kanzu ya kumi na sita ilipokwisha kukatwa, kilichobaki kingetosha mto wa mtoto. Alihesabu vipande mara mbili, halafu mara ya tatu. Siku ya Jumatano, saa ambayo hakuna mtu kanisani, aliingia ndani na ule utepe shingoni, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa namfuata kila pahali. Aliulaza utepe kutoka msumari mpaka msumari. Akasimama. Halafu akakirudisha kitambaa cha madhabahu, akakinyoosha vizuri kwa mikono yote miwili.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona unapima."

"Bon. Enda uteke maji."

Nikaenda. Sikujua utepe ulimwambia nini, na mama hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Kesho yake pasta alikuja kwenye barza kuangalia kazi, na mama alimwambia zitatoka kanzu kumi na sita.

Pasta hakupandisha sauti. "Mama, Muzee alipima mbele ya kanisa. Cinquante-quatre."

"Ndiyo, pasta."

"Na kanzu moja inakula ngapi?"

"Tatu."

"Sasa ya watu wawili imeenda wapi?"

"Imeisha."

"Imeisha namna gani?"

"Imeisha tu, pasta."

Mnajua wenyewe mambo ya mafundi wa nguo. Kila mtu anaamini kwamba fundi hula kitambaa. Husemwa kwa kicheko, lakini husemwa. Mama alikuwa ameshona kwenye barza ile miaka kumi na mitano na hakuna aliyewahi kumsemea hivyo, ndiyo maana habari ilikimbia sana. Kwa siku mbili ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Siku ya tatu ilifika shuleni, msichana mmoja akaniuliza kama jipo niliyovaa ni ya popelini. Nikampiga. Mwalimu naye akanipiga kwa ile metre ya mbao anayochorea mistari ubaoni. Metre ile tuliijua kwa macho na kwa mapaja.

Kisha mama akafanya kitu alichodhani kitamaliza maneno. Alichukua pasi yake ya makaa, pasi nzito yenye jogoo kwenye kifuniko, akaenda sokoni kubadilishana na fundi mwenzake, akarudi na metre sita za popelini. Akashona kanzu mbili zilizokosekana. Baada ya hapo alinyoosha mishono kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na mimi ndiye niliyechemsha maji. Kumbe alikuwa anamwaga petroli kwenye moto. Kanzu mbili zilipotokea, hata wale waliokuwa wanasitasita wakaacha kusitasita. Ameogopa, walisema, ameona aibu, amerudisha. Pasta akamwambia kwamba baada ya Jumapili ya kufungua kanisa, atoe mashini yake kwenye barza.

Hapo niliogopa kweli. Baba yangu alikuwa amekwenda machimboni, hakurudi wala hakutuma habari, na nyumbani tulikuwa watoto watatu, mimi ndiye mkubwa. Sokoni mafundi waligombania kivuli cha turubai moja, na mvua ikija kila mtu alikumbatia mashini yake kama mgonjwa. Watu walimjua mama kwa barza ile. Ukimwondoa pale, na jina la mwizi juu yake, nani angemletea hata shati la kutiwa kifungo?

Ijumaa kabla ya Jumapili ile niliazima metre ya mwalimu bila kuomba. Niliingia kanisani wakati wa saa sita, nikafunua madhabahu, nikailaza kwenye ukingo. Msumari wa pili ulikuwa kwenye quatre-vingt-dix. Tisini. Nikapima tena kutoka upande mwingine, ikawa tisini ile ile. Nikapapasa mbele ya msumari, na pale ambapo metre ya mwalimu iliishia kidole changu kikaingia kwenye tundu dogo la mviringo, limezibwa na nta nyeusi. Msumari ulikuwa umeishi pale, halafu ukahamishwa. Nilikuwa na miaka kumi na hesabu ndiyo kitu pekee nilichojivunia. Nilipiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu ya bic. Hamsini na nne za tisini ni metre arobaini na nane na kidogo. Kanzu kumi na sita ni arobaini na nane. Kile kidogo ni mto wa mtoto.

Nilifurahi sana. Na msinicheke kwa kile nilichofikiri. Nilifikiri, Mugiriki huyu, amemdanganya Tate wangu maisha yake yote. Amemweka asimame nyuma ya metre ya uongo, maskini, na Tate hajui mpaka leo. Sikwenda kwa mama. Nilikimbia moja kwa moja mpaka kwa Tate, nikamkuta anapaka viatu vyake kiwi kwa ajili ya Jumapili, nikamwaga yote, msumari, tundu, nta na hesabu ya kiganjani.

Alisikiliza na brashi mkononi. "Umeambia nani?"

"Sijaambia mutu."

"Mama yako?"

"Hapana, Tate. Weye kwanza."

Aliviangalia viatu vyake, kimoja kilikuwa kinang'aa na kingine bado. "Uko na akili," akasema mwishoni. "Sasa wacha. Miye mwenyewe nitasema."

Nilirudi nikirukaruka. Metre ya mwalimu nikairudisha darasani na hakuna aliyejua. Usiku ule na ule uliofuata nililala vizuri kuliko mama.

Jumapili nyumba ilijaa mpaka barza. Wageni walipewa viti vya mbele. Korali iliingia na kanzu kumi na nane, nyeupe kabisa, na huwezi kutofautisha zile mbili na nyingine hata ukizitafuta. Wakati wa ushuhuda Tate alisimama, na mimi nilikaa kwenye ncha ya benchi nikishikilia magoti.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

"Munanijua. Nimezeekea hapa mbele yenu." Alishika kile kifungo cha shingo. "Nasimama juu ya mutoto yangu, huyu anashonaka inje. Amekosea. Naomba kanisa imusamehe juu yangu."

Nilingoja aendelee, nikidhani hiyo ni njia tu ya kuzunguka kabla ya kufika kwenye msumari. Akaketi. Nikainuka, mdomo wazi tayari, na hapo nikakutana na jicho la mama. Sikuwahi kupata kofi lililofanya kazi kama jicho lile. Nikakaa. Mama akasimama yeye, akapita katikati ya mabenchi akiwa na gauni lake la buluu, akapiga magoti mbele ya madhabahu. Kwa sababu ilikuwa juu kidogo kwake, alishika ukingo wa mbao ili asiyumbe. Pasta aliweka mkono juu ya kichwa chake, akamwombea, akasema mbele ya wageni kwamba kanisa limesamehe, na kwamba dada yetu atabaki kwenye barza. Watu walishangilia. Wamama wazee walikwenda kumshika Tate mkono, wakamwambia ana moyo wa baba.

Nilimchukia Tate. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nilimchukia na kalamu yake na koti lake, na niliapa sitamsalimia tena, nikatimiza. Mama alijua, hakunigombeza. Alichofanya ni kunituma. Kila siku saa sita alipakua chakula, sombe ya majani ya muhogo au samaki wa Kasenyi, na bugali, akafunika sahani, akasema nimpelekee baba yake. Nilitembea mpaka kwenye parsele ya Tate, uani kwake, nikaweka sahani mbele yake. Alisema, "Asante, mama," kama wazee wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Nikageuka nikaenda zangu. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili, mpaka alipokufa. Korali ilimwimbia na kanzu nyeupe, na watu walisimama mpaka barabarani kumzika Muzee Metre. Sikulia, na mama zangu wadogo walisema nina moyo mgumu.

Mama alibaki na barza, lakini wateja walibadilika. Walileta vitambaa vyao, ndiyo, ila hawakuondoka. Walisimama mbele ya mkasi mpaka uzi wa mwisho ukakatwa, halafu wakaomba mabaki. Mama hakubishana nao. Alianza kufunga mabaki ya kila mtu kwenye kifurushi, kwa uzi wa rangi ya nguo yenyewe, na kumpa mteja pamoja na nguo yake kabla hajaomba. Baada ya miaka mafundi wengine wa bulvari nao wakaanza. Leo ukishonesha nguo Bunia utapewa kifurushi chako, na vijana wanaokupa wanadhani mafundi wamefanya hivyo tangu zamani.

Nyumba nayo iliendelea na ndoa zake. Kanisa lilipata kiwanja chake likahama. Ikaja miaka ambayo watu wa Djugu walishuka wakikimbia vita, na watoto mgongoni, na ndani ya Kwa Mugiriki familia tisa zililala, watoto wachanga wakilazwa juu ya kontwari kwa sababu panya hawakuweza kuipanda. Mama alishona mifuko ya kubebea sufuria. Halafu ikawa famasia, mama akashona mablauzi meupe. Simu zilipoingia, waliweka kioo juu ya kontwari, mama akashona vifuko vya simu mpaka macho yake yakakataa, ndipo tulipomchukua nyumbani.

Chaja niliyokwenda kununua ilikuwa yake. Nilimkuta uani anamenya maharagi, nikamwambia kwamba mule ndani bado kunanuka kahawa. Akacheka. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile na si nyingine, lakini nilikaa kwenye kigoda mbele yake nikamwambia kitu nilichokificha zaidi ya miaka thelathini. Nilimwambia kwamba nilipima misumari, na kwamba nilikwenda kwa Tate, na Tate akaniahidi kusema.

"Najua," mama akasema. "Alikuja Jumamosi, mvua ilikuwa inanyesha, hakukuwa mutu kwa barza. Alikuwa analia. Akasema, kesho nitasimama, nitasema ule musumari nilisogeza miye. Mugiriki alimuambia sogeza, akasogeza. Alikuwa kijana, na siye batoto tulikuwa tayari bane wa kulisha."

"Na siku ile ya popelini? Alipima akijua?"

"Alisahau. Miaka yote ile hakuna mutu alimuita kupima kitu. Walimuita, akafurahi, mukono ikaenda yenyewe." Alimenya ganda moja, akatafuta lingine kwa vidole. "Akataka kusema yote mbele ya kanisa. Nikamukatalia."

"Weye ndiye ulikataa?"

"Nilimuambia, ukisema vile, kila mama wa hapa atarudi nyumbani kupima kitambaa ya ndoa yake. Nilimuambia, simama, uwaombe banisamehe miye, na itaisha. Hakutaka. Tulibishana mupaka mvua ikakatika."

"Juu ya nini ulifanya vile, mama?"

"Yeye alibakia na jina tu. Miye nilikuwa na mashini."

Alisema hivyo na kuendelea na maharagi. Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia mimi, walipoona ninavyomfanyia mzee yule kila siku. Alisema yeye alitaka, ni Tate aliyekataa. Mutoto akijua atasema, alimwambia, na itakuwa umepiga magoti bure.

Na Tate alisema kweli. Kwa miaka yangu kumi, ningejua kwamba Tate alikuwa tayari kusimama, ningetangaza bulvari nzima kabla ya saa sita, kwa kumpenda tu. Kwa hiyo alinyamaza. Nilikuwa ninamwadhibu kwa kosa ambalo alikuwa amekuja kulitubu kwenye mvua, naye akaniacha nimwadhibu, akala chakula, akanishukuru. Nilimaliza maharagi pamoja na mama mpaka beseni likajaa. Nimelijua hilo nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na hakuna tena wa kumsalimia.